Siri ya mteja na muhali si kitu kimoja

Swali limetoka kwa wakili kijana wa Wete, Pemba:

"Assalaamu alaykum. Huu ni mwaka wangu wa pili tangu niapishwe uwakili. Wiki moja imenijia na mambo mawili. La kwanza, nina mteja, mama niliyemfungulia madai ya matunzo ya mtoto dhidi ya mume aliyemwacha. Tulipokuwa tunahesabu gharama za skuli akaniambia kwamba mwanawe wa kike, wa miaka 11, amekashifiwa, yaani kudhalilishwa kijinsia, zaidi ya mara moja na mdogo wa mume aliye naye sasa. Akasema, 'Wazee wameshakaa, limekwisha.' Yule kijana bado anaishi kiambo hicho hicho. Mama ameniomba jambo hilo nisilitie kwenye karatasi yoyote. La pili, mtu mmoja amemleta mama yake, mwenye zaidi ya miaka 80, niandike hati ya hiba, yaani zawadi, ya shamba la mikarafuu, bibi atie dole gumba. Aliyezungumza muda wote ni huyo kijana wake. Mkononi mwa bibi niliona alama kama za kushikwa kwa nguvu. Nimewaambia warudi wiki ijayo. Je, sheria inanitaka niripoti? Nikiripoti, sitakuwa nimevunja siri ya mteja? Na ada ya hiba nimeshaipokea, niifanyeje?"

Jibu

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Neno lililonishika katika barua yako ni hilo la yule mama: limekwisha. Nimelisikia Unguja na Pemba miaka yote ya kazi yangu. Kila nilipolifuatilia nilikuta limekwisha kwa watu wazima. Kwa mtoto lilikuwa bado linaendelea.

Nianze na jibu lenyewe, maana mtoto hana muda wa kunisubiri nimalize maelezo. Jambo la mtoto lazima liwafikie Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto, na lifike wiki hii. Njia ya kwanza ni mama mwenyewe, ukiwa pamoja naye. Akikataa kabisa, na mtoto bado yumo mikononi mwa yule kijana, utalifikisha wewe. Kwa bibi, usiandike hiba. Mwone peke yake, umsikilize yeye kabla hujakwenda popote. Ada nitaisemea mwisho.

Sasa sababu zake, kwa sababu siku moja utaulizwa na mwenzako, au na hakimu, kwa nini ulifanya hivyo.

Kwanza weka mezani sheria iliyo yetu. Nimeona vijana wengi wakichukua Sheria ya Mtoto ya Bara ya 2009, ambayo inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwenye mamlaka ya serikali ya mtaa. Ni maneno mazuri, lakini mambo ya watoto si ya Muungano na sheria ile haivuki bahari. Polisi utakayemkuta Wete ni wa Muungano, ila sheria ya mtoto atakayoisimamia ni ya Zanzibar: Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011. Kwa sheria hiyo mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, maslahi yake ndiyo yanayotangulia, na mtoto anayedhuriwa au aliye katika hatari ya kudhuriwa anahesabiwa kuwa anahitaji matunzo na hifadhi. Mwaka 2015 ilipewa tuzo ya kimataifa ya sera bora za haki za watoto, na wageni wakaja kutuuliza tumeiandikaje. Ningependa waje siku moja watuulize tunaitumiaje.

Kitendo alichotendewa mtoto yule kinaangukia Sheria ya Adhabu Na. 6 ya 2018. Ni jinai, na jinai haina mzee wa kuisamehe barazani. Anayeamua kushtaki au kutoshtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Ami na mjomba, wawe na hekima kiasi gani, hawana mamlaka hayo. Kwa hiyo kile kikao cha wazee, kisheria, hakikumaliza kitu. Kimemrudisha mtoto mahali alipoumizwa, basi.

Tuje kwenye siri, maana hapo ndipo panapokuuma.

Katika kazi yetu vitu viwili huchanganywa. Kimoja ni kinga ya ushahidi: mahakama haikulazimishi ueleze aliyokwambia mteja kwa ajili ya kazi aliyokupa. Cha pili ni amana ya kazi: mambo ya mteja huyatoi nje, iwe mahakamani, barazani au nyumbani kwako. Cha kwanza kinakulinda usilazimishwe kusema. Cha pili kinakukataza usiseme kwa hiari yako. Swali lako ni la hicho cha pili, ijapokuwa mipaka ya cha kwanza inatufundisha kitu.

Kinga ya ushahidi tuliirithi kwenye Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyoenezwa Afrika Mashariki yote na Waingereza. Kifungu chake cha 126 kilimfunga wakili mdomo, kisha kikaacha wazi milango miwili: maneno yaliyosemwa ili kutimiza jambo lisilo halali, na kosa au hadaa ambayo wakili ameiona ikitendeka tangu aanze kazi ile. Walioiandika walitoa na mifano, na mpaka leo sijaona iliyo bora zaidi. Mteja akikwambia, "Nimeghushi hati, nataka unitetee," hiyo ni siri. Akikwambia, "Nataka nipate mali kwa hati ya kughushi, nifungulie kesi," hiyo si siri. Aliyekwisha kukosa anakuja kwako kutafuta utetezi, na utetezi ni haki yake. Anayetaka kukosa anakuja kukuazima mkono wako. Sheria yetu ya Ushahidi Na. 9 ya 2016 imeshika mahali pa sheria hiyo ya zamani, lakini mgawanyo huu ndio ambao kila wakili wa visiwa hivi amelelewa nao. Uweke moyoni, utakufaa kwa yule mtu wa hiba.

Amana ya kazi nayo si jambo dogo. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu Kazi ya Mawakili, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinazitaka serikali ziheshimu usiri wa mazungumzo baina ya wakili na mteja. Mimi naamini hivyo kwa dhati. Mtu asiyeweza kumwambia wakili wake ukweli hana wakili, ana mwandishi wa barua tu. Yule mama asingekuamini, usingejua lolote, na mtoto angebaki peke yake. Kwa hiyo usiidharau hiyo hofu uliyo nayo ya kuvunja siri. Inaonyesha umeielewa kazi.

Lakini siri ya wakili ina kazi yake, na tuangalie mfano ulio mgumu kabisa. Mwaka 1973, katika jimbo la New York nchini Marekani, mtuhumiwa wa mauaji Robert Garrow aliwaambia mawakili wake, Frank Armani na Francis Belge, mahali zilipo maiti za wasichana wawili aliowaua. Walikwenda wakaziona. Wakanyamaza kwa miezi, hata baba wa mmoja wa marehemu alipokwenda kumwona Armani akitafuta habari za mwanawe. Watu waliwachukia. Belge alishtakiwa, na mashtaka yakafutwa. Wanasheria wengi mpaka leo wanasema wale wawili walishika wajibu wao, na mimi nakubali, ingawa kila nikimfikiria yule baba moyo unanikataa. Nakubali kwa sababu wasichana wale walikuwa wamekwisha kufa. Hapakuwa na uhai uliokuwa ukingojea wakili afungue mdomo.

Mtoto wako wa Wete yu hai, na leo usiku atalala kiambo kile kile.

Ndiyo maana nchi nyingi zimelegeza fundo hapa. Kanuni za mfano za chama cha wanasheria cha Marekani zinamruhusu wakili kutoa siri ili kuzuia kifo au dhara kubwa la mwili lililo karibu na hakika. Zinamruhusu, hazimlazimishi. Majimbo yao yanatofautiana sana. Texas imekwenda mbali: inasema waziwazi kwamba siri ya kazi haimwondolei mtu wajibu wa kuripoti, wakili akiwamo, kwa mtoto na kwa mzee vilevile. Ohio inamtaja wakili miongoni mwa wanaotakiwa kuripoti, ila inamhifadhia yale aliyoambiwa na mteja, isipokuwa katika hali maalumu kama pale mteja mwenyewe ni mtoto. Karibu na kwetu, Afrika Kusini imemwandika wakili kwa jina katika kifungu cha 110 cha Sheria ya Watoto ya 2005, amekaa humo pamoja na daktari, mkunga na kiongozi wa dini. Na sheria yao ya wazee ya 2006 inamtaka kila anayeshuku kwamba mzee anadhalilishwa atoe taarifa mara moja. Hizi si sheria zetu, usiende kuzinukuu mahakamani Chake Chake. Nimekutajia ili ujue kwamba wenzetu wenye mawakili wakali kuliko sisi wamelitazama swali lako, na hakuna aliyesema siri ni ukuta usio na mlango.

Sasa ngoja nikuulize mimi: siri aliyokupa yule mama ni ya nani?

Hakukwambia kosa lake. Amekwambia dhara alilotendwa mtu mwingine na mtu mwingine. Umelipata kazini, kwa hiyo ni amana. Lakini amana hiyo ina mwenyewe wa pili, ana miaka 11, na hakuna aliyemwuliza kama anataka isitiriwe. Tungekuwa tunazungumza juu ya yule kijana mwenyewe kuja kwako kutaka umtetee, jibu langu lingekuwa zito zaidi. Alichokwisha kutenda ungekibeba mpaka kaburini, ungemtetea kwa nguvu zako zote mbele ya mahakama, na ungekuwa huru kutoa tahadhari kwa kiasi kile tu cha kuzuia kitendo kipya, baada ya kumwambia yeye kwanza na baada ya kumtaka ahame. Hapa hupo huko. Hapa hakuna utetezi wa mtu unaoutoboa.

Kinachokuzuia hapa, mwanangu, ni kitu kingine. Ni muhali, ile haya ya kumkosea au kumwaibisha mtu wa karibu.

Tulizaliwa nao. Muhali wa kumtia ndani mtoto wa jirani. Muhali wa kumwaibisha mzee aliyekusomesha chuoni. Muhali wa kusimama kizimbani ukasema jina la mtu ambaye kesho mtakutana naye mazikoni. Watu wa kesi za udhalilishaji wanaujua muhali vizuri kuliko sisi wa madai: mashahidi hawaji, mama anabadilisha kauli, daktari anaitwa mara tatu, mshtakiwa anatoka, na familia mbili zinakula pilau pamoja. Muhali una heshima yake mahali pengine, ndio unaotuweka pamoja visiwani. Lakini muhali si kanuni ya uwakili. Unapovaa joho la siri ya mteja unakuwa hatari zaidi, kwa sababu hapo unajiona unatimiza wajibu.

Nakueleza hili kwa sababu lilinipata. Nilikuwa na umri kama wako. Mwanamke mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, alikuja kutaka talaka, akasema maneno mawili kuhusu baba wa kambo na mtoto wa kiume, akafuta machozi, akaendelea na mambo ya vyombo vya ndani. Sikuuliza. Nilijiambia kwamba mimi ni wakili wa talaka, na kwamba aliyoyasema ni siri. Kama ningemjua yule mume vibaya ningeuliza, lakini nilikuwa nikimjua vizuri. Mtoto yule nilikuja kumwona amekuwa mtu mzima, na sitaandika hapa alivyokuwa.

Neno hilo la mtoto wa kiume lishike. Utafiti mkubwa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba kwa upande wa Zanzibar, waliokiri kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18 walikuwa kama asilimia 6 ya wasichana na asilimia 9 ya wavulana. Wavulana walikuwa wengi zaidi. Kwa hiyo utakapokaa na yule mama, mwulize kiambo kile kina watoto wangapi, na usiwaulize wa kike peke yao.

Kukaa naye kwenyewe kuwe hivi. Mwite aje bila mtu, na usimwambie kwa simu ni kwa ajili ya nini, maana simu za kiamboni hushikwa na wengi. Usianze na sheria. Anza na nyumba: analala wapi, chakula anakipata kwa nani, akiondoka leo atakwenda kwa nani. Mara nyingi utakuta hakunyamaza kwa kukosa mapenzi. Kanyamaza kwa sababu paa lililo juu yake ni la ndugu za yule kijana. Hapo utaona kwamba kesi ya matunzo uliyoifungua na jambo hili ni kitu kimoja. Fedha za baba wa mtoto ndizo zitakazolipa chumba kingine. Omba mahakama amri ya matunzo ya muda kwa haraka, na umwambie mama kwamba umeiomba. Nimeona wanawake wakipata sauti siku walipopata kodi ya miezi mitatu.

Kisha mwambie ukweli wote bila kumtisha. Mwambie kosa hili haliishi kwa kikao. Mwambie mtoto anaweza kuwa na maradhi yasiyoonekana, na kwamba kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Chake Chake kimewekwa ili daktari, polisi, mshauri nasaha na mtu wa ustawi wakutane na mtoto mahali pamoja, asizungushwe ofisi nne akisimulia upya. Mwambie kwamba likitokea jipya, asimwogeshe mtoto, nguo aziweke kwenye karatasi na si kwenye mfuko wa plastiki, na afike ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi haifai tena baada ya hapo. Mpe na namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo, na inafanya kazi huku na Bara. Halafu mwambie: twende pamoja. Usimwandikie kikaratasi aende peke yake. Wanaokwenda peke yao huishia njiani.

Mtoto usimhoji. Najua utataka uhakika. Kuripoti kunataka shaka yenye msingi, na mama ameshakupa msingi huo. Uthibitisho ni kazi ya wapelelezi. Ukimhoji wewe, umemchosha mtoto, umewapa upande wa pili la kusema kwamba amefundishwa maneno, na umejigeuza shahidi, na wakili aliyekuwa shahidi hawezi kubaki wakili katika jambo hilo hilo. Andika kumbukumbu ya yale aliyosema mama kwa maneno yake, tarehe na saa, utie saini, ufunge kwenye faili. Alikuomba usiandike. Mweleze kwamba karatasi hiyo inakaa kwako, na inamlinda yeye siku atakapoulizwa alinyamaza kwa nini.

Akikubali, andikeni ridhaa yake, mistari miwili inatosha. Akikataa, mpe siku moja, umwambie wazi kwamba mtoto akiendelea kuishi hapo wewe hutaweza kunyamaza, na umwambie utasema nini na kwa nani. Kumficha mteja unachokwenda kufanya ni kuvunja amana kuliko kuripoti kwenyewe. Kisha nenda kwa afisa ustawi, sema kile tu kinachohitajika: jina la mtoto, anapoishi, anayetuhumiwa ni nani, mtoto yuko katika hatari gani. Habari za ndoa ya mama, fedha zake, aliyokueleza juu ya mume wa kwanza, hayo hayana njia ya kutoka. Sheha ni mlango wa karibu na mara nyingi ni mlango mzuri, ila tazama kwanza kama si ndugu wa hao wazee waliokaa. Kwenye shehia ndogo huwa ni ndugu.

Anaweza kukuacha. Anaweza kuchukua faili akaenda kwa mwingine, na akakusema vibaya soko zima la Wete. Hilo nimelipitia pia, na linauma. Kwa wateja wajao, weka maneno haya mwanzo kabisa, kabla hajaanza kueleza: "Utakayoniambia nitayatunza. Ila nikijua kuna mtoto au mtu asiyejiweza anaumizwa na ataendelea kuumizwa, tutalitafutia njia ya kulizuia, na nitakwambia kabla sijafanya lolote." Wachache watanyanyuka. Wengi watakaa, na wengine ndipo watakaposema lililowaleta.

Tuhamie kwa bibi wa mikarafuu. Hapa mkono uwe mwepesi zaidi, kwa sababu bibi si mtoto. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua, hata akiamua usilolipenda. Nimeona mawakili na maafisa wenye nia njema wakimzungumzia mzee juu ya kichwa chake kama vile hayupo, sawasawa na alivyofanya mwanawe ofisini kwako. Sheria ya Wazee Na. 2 ya 2020 imekuja kumlinda mzee na heshima yake, na heshima inaanza kwa kumwuliza.

Mteja wako ni nani katika jambo hili? Aliyelipa ni kijana. Anayetoa mali ni bibi. Hati ya hiba ni kauli ya anayetoa, kwa hiyo huwezi kuiandika kwa kauli ya anayepokea. Wanaporudi, mwambie kijana asubiri nje, na usiombe radhi kwa hilo, ni utaratibu. Bibi mkalishe, mpe maji, zungumza naye Kipemba cha nyumbani, acha lugha ya hati. Mwulize shamba liko wapi, lina mikarafuu mingapi, nani huchuma, fedha za karafuu hufika kwa nani. Mwulize ana watoto wangapi. Mwulize amekuja kufanya nini leo. Akikujibu kwamba amekuja kupimwa macho, umeshapata jibu lako. Mwulize na pensheni jamii. Mpango ule ulianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, na mzee asiyejua fedha yake inachukuliwa na nani mara nyingi hajui pia dole gumba lake limegongwa wapi.

Alama za mkononi ziulize mwisho, kwa upole, mara moja. "Bibi, hapa pamefanya nini?" Wazee wetu wana ngozi nyepesi, na dawa nyingine huwafanya wavilie damu kwa kuguswa tu, kwa hiyo usifunge hukumu kabla ya jibu. Lakini akitazama mlango kabla ya kukujibu, hilo nalo liandike.

Akisema anaumizwa na anataka msaada, mpeleke kwa afisa anayeshughulikia wazee, na polisi kama kuna jeraha. Akisema anaumizwa na hataki lisemwe, na akili yake imetulia, mheshimu. Mpe njia ya kukufikia bila kupitia kwa kijana, mwulize kama ana mtoto mwingine au ndugu anayemwamini, umwombe urudi kumwona. Ukiona kwamba haelewi alipo, au roho yake imo hatarini, basi uamuzi wake haupo tena wa kuuheshimu, na taarifa itoke siku hiyo hiyo.

Hiba yenyewe isiandikwe mpaka utakapojua. Kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi wetu, hiba inataka kauli ya kutoa kwa hiari, kauli ya kupokea na kukabidhiwa. Dole gumba la mtu aliyeshikwa mkono halina kauli ndani yake. Na kama bibi yumo katika maradhi ya mauti, alichokitoa kinahesabiwa kama wasia: hakivuki theluthi, na kwa mrithi hakipiti bila ridhaa ya warithi wenzake. Kijana akiwa anataka kuwapita ndugu zake, hati hiyo ingekuja kumwangukia mbele ya kadhi na jina lako limo chini yake. Mweleze hivyo. Wengine hurudi nyuma wakisikia kwamba mali haitawafika, hata kama huruma ya mama haikuwarudisha.

Akikwambia moja kwa moja kwamba mama hataki lakini "andika tu, dole nitalishika mimi", mkumbuke yule wa hati ya kughushi wa mwaka 1872. Huyo hana siri kwako. Ameomba mkono wako utende kosa.

Ada mrudishie yote, siku hiyo hiyo, hata ile ya ushauri, uandike risiti ya kurudisha na sababu yake kwa sentensi moja: sikupata maelekezo ya mwenye mali. Nakala ibaki kwako. Na akikuuliza ni wakili gani mwingine atakayemwandikia, usimtajie jina la mtu.